Chupa Namba Arobaini na Moja

"Mama, umekaa?"

"Nimekaa kwenye cherehani, mwanangu. Sema."

"Shikamoo kwanza. Ni mimi muuguzi wa ule utafiti wa saratani ya utumbo mpana. Majibu ya chupa namba arobaini na moja yametoka. Ni yako, siyo?"

Mguu wake uliganda juu ya pedali, simu ikiwa sikioni.

"Ni yangu."

"Tumeona damu kwenye sampuli yako ya choo. Ni kidogo, kwa macho haionekani. Usifikirie mbali, mama. Wengi wenye majibu haya hawana saratani. Ila lazima tuingize kamera tutazame utumbo kwa ndani. Jumatano ijayo, saa mbili asubuhi. Na uje na mtu wa kukurudisha nyumbani, maana utapewa dawa ya usingizi. Bila mtu hatuanzi."

Mtaa mzima ulimwita Vifungo, kwa sababu nguo haikutoka dukani kwake ikiwa na kifungo kilicholegea. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mjane, na harusi yake na fundi viatu ilikuwa imebakiza wiki sita. Huyo fundi viatu walimwita Gundi. Kibanda chake kilitazamana na mlango wa Vifungo, na kila mmoja alijua mwenzake amepiga chafya mara ngapi.

Mdogo wake, aliyekuwa anakata kitambaa, aliweka mkasi chini.

"Dada, mbona umebadilika? Nani kafa?"

"Bado."

Gundi alivuka barabara jioni, ameshika viatu vyake vya harusi alivyovipaka rangi mwenyewe. Vifungo hakumwacha aviweke mezani. Alivua pete, akaitupia ndani ya kopo la vifungo, akafunika.

"Harusi hakuna."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Chupa yangu imeonekana na damu."

Gundi alikaa juu ya rundo la sare za shule. Hakuangalia alipokaa.

"Damu? Kwako wewe?"

"Kwangu. Nilimuuguza marehemu miaka minne, namjua mtu anayeuguza anavyokwisha. Sitaki ukwishe kwa ajili yangu."

"Pengine wamekosea."

"Wakosee vipi? Chupa zote mbili, yangu na yako, ulizipeleka mwenyewe. Mimi nilikuwa nimezama kwenye sare hizi, nikakupa yangu na stika yake ya namba ukaibandike. Hukubandika?"

"Nilibandika," alisema Gundi, akitazama viatu vyake.

Vifungo aliona macho yake yamelowa. Alidhani ni mapenzi tu.

Jumanne mchana alianza kunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita nne, ina ladha ya maji ya chumvi yaliyochanganywa na limau la uongo. Simu ikalia. Ujumbe wa Gundi.

"Umekunywa?"

"Lita ya pili. Nimehamia chooni, niletee godoro."

"Usiende kesho. Nakuomba."

"Kwa nini?"

Kwenye kioo cha simu ilionekana Gundi anaandika. Ikapotea. Akaandika tena. Ikapotea. Mwishowe likaja neno moja.

"Basi."

"Basi siyo sababu," alijibu Vifungo, akakimbia tena chooni.

Jumatano asubuhi alifika kliniki na mdogo wake. Gundi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la mwisho, koti limefungwa hadi shingoni. Muuguzi alifungua fomu.

"Atakayekurudisha nyumbani?"

"Mdogo wangu huyu."

"Na yule baba?"

Vifungo hakugeuka.

"Jirani."

Walimvalisha gauni la hospitali, wakamlaza, muuguzi akatafuta mshipa. Sindano ilikuwa ndiyo kwanza imeingia pazia lilipovutwa.

"Sista, toa hiyo sindano!"

"Baba, huruhusiwi humu!"

"Itoe! Ile damu siyo yake. Ni yangu."

Mashine ya kitanda cha jirani ililia mara mbili.

"Sema tena," alisema Vifungo, amejiinua kwa kiwiko.

"Nilibadilisha stika. Yako niliibandika kwenye chupa yangu. Yangu kwenye yako."

"Kwa makosa?"

Gundi alitikisa kichwa kukataa. Swali la Vifungo halikuwa lile Gundi alilotarajia kuulizwa.

"Umeanza kuiona lini?"

"Nini?"

"Damu, wewe! Lini?"

"Kama miezi mitano. Nilijua ni bawasiri, mtu anayekaa kwenye kigoda kutwa nzima..."

"Miezi mitano! Na kila asubuhi unanipungia mkono, unagonga misumari, unaimba!"

"Siku ya pete ulisema hutamuuguza mwanaume mwingine mpaka kufa kwako. Wote mlicheka. Mimi sikucheka."

"Kwa hiyo ukanipa mimi ugonjwa wako."

"Wewe ni mzima. Nikasema watakutazama, hawataona kitu, yaishe. Sikujua utavua pete ili kuniokoa mimi. Tangu siku ile sijalala, Vifungo."

"Na ungepewa barua kwamba u mzima, ungeibandika ukutani ufe ukiitazama?"

Daktari wa utafiti, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alikuwa ameshasimama nyuma ya Gundi. Mkononi alikuwa na faili.

"Barua hiyo ipo humu, baba. Imebaki sahihi yangu tu. Ningekuandikia mzima, na tungekutana tena umeshachelewa. Tena siyo wewe peke yako. Tunapima kama kile kichupa kinafaa kugundua ugonjwa mapema. Ukitudanganya, unamdanganya na mtu usiyemjua, atakayetibiwa miaka kumi ijayo kwa majibu yetu."

"Nisamehe, daktari."

"Nitaliandika kosa hili lilivyo, bila kulipamba. Wewe, kwa damu unayoiona kwa macho, chupa haikutoshi tena. Jumatano ijayo unalala kitanda hiki. Mama, wewe tutakupa chupa mpya. Sina sababu ya kukuingizia kamera."

Vifungo alibandika stika yake mwenyewe, muuguzi akishuhudia. Mlangoni Gundi alimfuata.

"Vifungo..."

"Usiniite. Nina njaa, nina hasira, na nimekunywa lita nne za dawa yako."

Mdogo wake alijikaza asicheke, akashindwa.

Wiki ile mlango mmoja uliupa kisogo mlango mwingine. Vifungo aligeuza cherehani ikatazama ukuta. Lakini Jumanne mchana nyundo ya ng'ambo iliponyamaza, alijua Gundi ameanza dawa. Akahesabu mara alizosikia mlango wa choo cha uani kwa Gundi ukibamizwa. Ya tisa ikamtoa kicheko bila kutaka.

Jumatano muuguzi alifungua fomu ya Gundi.

"Atakayekurudisha nyumbani?"

"Nitakodi gari."

"Dereva wa kukodi siyo mtu wako, baba. Bila mtu hatuanzi."

Gundi alitazama benchi tupu. Ndugu zake walikuwa mbali na rafiki zake hakuwaambia. Alianza kufungua kamba ya gauni la hospitali ili avae nguo zake arudi.

"Uiache hiyo kamba," sauti ilisema mlangoni. "Sista, niandike mimi."

Alikuwa Vifungo, na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Uhusiano na mgonjwa?"

Alifikiri.

"Jirani."

"Jirani inatosha," Gundi alinong'ona. "Lakini ulisema hutauguza..."

"Kumfikisha mtu mlangoni kwake siyo kuuguza. Nenda kalale."

Ilichukua chini ya saa moja. Daktari alitoka na picha: kwenye ukuta wa utumbo palikuwa na kinundu kidogo, kama uyoga wenye shina. Alikuwa ameshakikata kwa waya kupitia kamera ileile, kimekwenda maabara. Vifungo alimshika Gundi mkono hadi nyumbani, maana usingizi ulikuwa haujamwisha. Njiani Gundi alimwambia mara sita kwamba yeye ni mrembo.

"Ulishasema."

"Nimesema?"

"Mara sita. Angalia mtaro."

Simu ya majibu ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Gundi alivuka barabara akiishika kwa mikono miwili kama yai.

"Sikiliza wewe. Mimi masikio yamekufa."

Vifungo akaweka sauti ya juu, akasema wako wote wawili.

"Baba, kinundu kilikuwa kimeanza kubadilika," alisema muuguzi. "Kingeachwa, kingekuwa saratani. Lakini hakijafika huko, na daktari amekitoa chote. Hakuna upasuaji, hakuna dawa. Utarudi kwa kamera baada ya miaka mitatu. Na mama, chupa yako mpya ni safi."

Gundi alikaa palepale sakafuni, kwenye vipande vya nyuzi, akalia kwa sauti hadi mteja aliyekuja kuchukua sketi akarudi nyuma. Vifungo hakumnyamazisha. Alijipangusa uso kwa kipande cha sare.

"Sista, usikate. Ile fomu niliyoandikwa jirani, bado unayo?"

"Ipo kwenye faili, mama."

"Kata jirani. Andika mke."

Muuguzi alicheka.

"Mama, kwenye utafiti hatubadilishi kilichoandikwa. Siku ile ulikuwa jirani."

"Haya. Basi niwekee fomu ya miaka mitatu ijayo. Nitaijaza kwa mkono wangu."

Alikata simu, akashusha kopo kutoka rafuni, akalimwaga mezani. Vifungo vyeupe, vyeusi, vya shaba, mamia, vikatawanyika mpaka ukingoni.

"Pete yangu imo humo. Itafute."

Gundi alipiga magoti, akaanza kutenga kimoja kimoja.

"Na Gundi."

"Naam?"

"Usiibadilishe."