Rimu za Ildefonsi na Ndoo ya Kostiki

Ildefonsi alikuwa na gari dogo la mizigo. Alilinunua mwaka 1998, likiwa limetumika. Siku za soko alibeba mahindi kutoka Mpepai hadi Mbinga mjini. Mkewe, Hedwiga, alioka mikate ya kuuza. Nyuma ya nyumba walikuwa na tanuri la matofali.

Rimu za magurudumu ya gari zilikuwa zimeshika kutu. Ildefonsi akanunua kopo la rangi ya unga. Rangi hiyo haipakwi kwa brashi. Chuma hupashwa moto, hunyunyiziwa unga, kisha huokwa mpaka unga uyeyuke na kushika.

"Utaziokea wapi?" Hedwiga aliuliza.

"Kwenye tanuri lako. Mara moja tu, Mama Tadea."

"Tanuri la mikate ya watu? Hapana, Baba Tadea."

Ildefonsi alitaka kwanza kutoa rangi ya zamani. Alikuwa amesikia kwamba kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, hubabua rangi haraka. Aliingia jikoni, akafunga mlango kuzuia upepo. Akaweka kostiki yote ndani ya ndoo. Kisha akamwaga maji juu yake.

Ndoo ikachemka ghafla, bila moto. Maji yakamrukia usoni.

"Jicho langu! Mama Tadea, nakufa!"

Hedwiga alikimbia, akafungua mlango. Mumewe alikuwa amepiga magoti, anasugua jicho. Hedwiga akashika chupa ya mafuta ya kula ili ampake.

"Usimpake kitu!"

Alikuwa jirani yao, mzee Masoudi, fundi wa kupaka rangi magari. Alisikia kelele, akaja mbio.

"Leta maji safi, mengi! Ildefonsi, usisugue!"

Masoudi alimtoa nje, akamvua shati lililolowa. Akamlaza ubavu, jicho lililoumia likiwa upande wa chini, ili maji yasiingie kwenye jicho lile jingine. Akalifungua kwa vidole. Hedwiga akamimina maji, kikombe baada ya kikombe.

Ndoo ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha.

"Mzee, maji yamekwisha." Hedwiga aliinua kikombe kitupu.

"Kwangu kuna pipa. Kimbia, mama! Tukiacha sasa, kostiki itaendelea kula jicho."

Hedwiga alikimbia. Akarudi na ndoo, akaenda tena, akarudi. Ildefonsi aliuma meno. Nusu saa nzima walimwagia maji. Ndipo wakampeleka hospitali, na njiani hawakuacha kuosha.

Daktari alilimulika jicho kwa tochi. Hedwiga alisimama mlangoni. Hakuweza kukaa.

"Limeungua, lakini litapona," daktari alisema. "Nani aliliosha?"

"Sisi, daktari."

"Mmeliokoa. Bila maji yale, huenda lingepofuka."

Baada ya wiki tatu, Ildefonsi alikwenda kwa jirani yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaona?"

"Naona vizuri. Nilikosea wapi?"

"Ulimwaga maji juu ya kostiki. Maji hutangulia. Kostiki hufuata, kidogo kidogo. Tena ulijifungia ndani, na ile ni kazi ya nje. Miwani ya fundi ulikuwa nayo?"

"Sikuwa nayo."

"Glavu za mpira je?"

Ildefonsi alitikisa kichwa kukataa.

"Na tanuri, mzee?"

"Mkeo alisema kweli. Moshi wa rangi ni sumu. Tanuri lililookewa rangi halioki tena mikate."

Basi wakatengeneza tanuri jingine kwa pipa la chuma, mbali na nyumba. Masoudi alizikagua rimu.

"Hizi ni za chuma, sawa. Zingekuwa za alumini, kostiki ingezila."

Walitoa tairi, wakababua rangi, wakasuuza, wakasugua kutu na kukausha. Unga waliunyunyizia mbali na moto, kwa sababu vumbi lake huweza kulipuka. Walifunika pua na mdomo. Rimu zikatoka tanurini nyeusi, zinang'aa.

Siku ya soko watu walizishangaa. Dereva mmoja kutoka Namswea akaja nyumbani kwa Ildefonsi na rimu zake, naye azibabue. Akafungua kopo la kostiki na kuinama juu yake, macho wazi.

Ildefonsi alimshika bega, akamvuta nyuma.

"Subiri, ndugu yangu," alisema. "Twende kwanza tukateke maji."