Kichakataji cha Namba Saba

Siku za Jumatano Stefania aliamka kabla ya kuitwa. Baridi ya Sumbawanga mwezi wa tano haina huruma, lakini siku hiyo hakungoja kuvutwa blanketi. Alikunywa uji wa ulezi akiwa amesimama, akavaa sweta juu ya sare na kumuaga mama yake huku tayari yuko mlangoni. Kisha akakata vichochoro vya mtaa wa Katandala mbio mbio hadi Shule ya Msingi Ulezini. Jumatano ilikuwa siku ya Darasa la Sita kuingia chumba cha kompyuta.

Chumba kile kilikuwa na vioo vya kompyuta kumi na viwili, vimepangwa juu ya meza ndefu. Kompyuta ya kweli ilikuwa moja tu, kubwa na nyeusi, ikivuma ndani ya kabati la chuma pembeni. Mwalimu Anyelwisye, aliyehamia kutoka Mbeya mwaka uliotangulia, aliwaeleza jambo hilo siku ya kwanza.

"Mbele yenu kuna kioo na kibodi tu," alisema. "Kompyuta zenu zote kumi na mbili zimo ndani ya mashine hii moja. Tunaziita kompyuta pepe. Mashine ina vichakataji ishirini na vinne. Kichakataji ndicho kinachofanya kazi, kama ng'ombe kwenye plau. Kila kompyuta pepe nimeipa viwili. Nikitaka, naweza kukiondoa kimoja hapa nikakiongeza kule, na wala sizimi chochote. Aliyeketi pale ataendelea na kazi yake, ila itakwenda haraka zaidi au itakwenda polepole."

Stefania na mwenzake Ndalahwa walitumia kompyuta namba saba. Walikuwa wanaandaa kazi ya maonesho ya shule za manispaa: picha zinazotembea, zikionyesha mvua ikinyesha kwenye mteremko wa shamba. Upande mmoja wa shamba ulikuwa mtupu na maji yaliondoka na udongo. Upande wa pili ulikuwa na ntumba, vile vilima vya udongo vinavyofukia nyasi, kama anavyolima bibi yake Stefania kule Kasense. Huko maji yalituama yakazama. Kila tone la mvua lilipigiwa hesabu na kompyuta, na matone yalikuwa maelfu.

Wiki mbili za kwanza mvua ilinyesha vizuri. Wiki ya tatu ikaanza kukatikakatika, tone moja likining'inia hewani huku watoto wakihesabu hadi kumi. Wiki ya nne kioo kiliganda kabisa.

"Namba saba, mmefungua nini tena?" Mwalimu Anyelwisye aliuliza kutoka mlangoni.

"Hatujafungua kitu, mwalimu. Ni mvua yetu tu," Stefania alijibu.

"Mashine zote zinafanya kazi isipokuwa yenu. Happyness, ndivyo?"

Happyness alikuwa kiongozi wa chumba cha kompyuta. Alikaa namba moja, karibu na meza ya mwalimu, na alikuwa akitengeneza filamu ya maporomoko ya maji. Bila kugeuka alisema, "Labda wanacheza gemu, mwalimu."

"Hatuchezi!" Stefania alisimama.

"Kaa chini! Unanipandishia sauti? Wiki ijayo kazi yenu isipokwenda, nitawatoa kwenye maonesho. Kazi ni ya wanaojituma, siyo ya wazembe."

Darasa zima likageuka kuwatazama. Stefania alikaa, masikio yakimwaka moto. Mzembe! Yeye aliyechora mteremko ule mara tisa! Ndalahwa aliinamisha kichwa. Stefania hakukubali kuinamisha chake. Akafungua kile kidirisha walichofundishwa, kinachoonyesha hali ya kompyuta. Palipaswa kuandikwa vichakataji viwili. Paliandikwa kimoja.

Jioni alimweleza mama yake huku akibamiza sufuria.

"Acha kuonea sufuria," mama alisema. "Hicho unachosema umekiona kwa macho, au unakidhani?"

"Nimekiona, mama. Kimoja!"

"Na aliyekichukua, umemwona?"

Stefania akaiweka sufuria chini.

"Basi andika ulichokiona. Unachokidhani usikiandike."

Jumatano iliyofuata alikwenda na karatasi. Alipofungua kompyuta, vichakataji vilikuwa viwili. Akaandika: saa tatu na nusu, viwili. Mvua ikanyesha vizuri. Saa nne na dakika kumi tone likaning'inia. Akatazama kidirisha: kimoja. Hakuna aliyezima kitu wala aliyegusa waya. Saa tano kasoro dakika tano, kipindi kikikaribia kwisha, vilirudi viwili kama vile hakuna kilichotokea.

"Wezi hawa!" Ndalahwa alinong'ona. "Sikiliza. Mimi nenosiri la mwalimu nalijua. Happyness hulitaja herufi kwa herufi akiliandika. Mwalimu akitoka, tukae mezani pake, tuwanyang'anye namba moja vyote, filamu yao ife kabisa."

Stefania aliitazama meza ya mwalimu. Ilikuwa hatua sita tu. Kwa kweli alitamani. Lakini alijua kwamba akigusa meza ile, karatasi yake haitakuwa na maana tena, maana naye atakuwa mwizi.

"Hapana," alisema. "Twende kwa mwalimu mkuu."

Mwalimu mkuu, Mwalimu Adela, alikuwa mama mfupi asiyependa maneno mengi. Mwalimu Anyelwisye naye alikuwamo ofisini, akisaini daftari.

"Shikamooni, walimu."

"Marahaba," alijibu Mwalimu Adela. "Mna shida gani?"

Stefania akaiweka karatasi mezani. "Kuna mtu anaondoa kichakataji kimoja kwenye namba saba wakati tunafanya kazi. Tumeitwa wazembe kwa kosa lisilo letu."

Mwalimu Anyelwisye akacheka kidogo. "Stefania, hakuna anayeweza kufanya hivyo isipokuwa mimi."

"Basi ni wewe, mwalimu."

Jina la Happyness Stefania hakulitaja, maana hakuwa amemwona kwa macho. Ndalahwa alijificha nyuma ya mlango. Mwalimu Anyelwisye alifungua mdomo akemee, lakini Mwalimu Adela alikuwa ameshaichukua karatasi na kuisoma hadi mwisho.

"Mashine ile haiweki kumbukumbu ya yanayofanyika?" akauliza.

"Inaweka, mwalimu mkuu. Kila kitu, pamoja na saa na jina la aliyefanya."

"Twende tukasome."

Chumbani wanafunzi walikuwa bado wanakusanya madaftari. Mwalimu Anyelwisye akaketi mezani pake, akafungua kumbukumbu na kusoma kwa sauti. "Saa nne na dakika kumi. Kompyuta namba saba, kichakataji kimoja kimeondolewa. Kompyuta namba moja, kichakataji kimoja kimeongezwa. Aliyefanya..." Akasita.

"Soma," alisema Mwalimu Adela.

"Aliyefanya, Anyelwisye."

Wanafunzi waliguna. Mwalimu akafuta jasho, ingawa chumba kilikuwa baridi. "Lakini saa nne na dakika kumi nilikuwa nimetoka humu, nafundisha hesabu Darasa la Saba! Kila mtu aliniona!"

"Ndiyo, nilikuona," alisema Mwalimu Adela. "Basi nani mwingine ana nenosiri lako?"

Mwalimu Anyelwisye polepole alimgeukia kiongozi wa chumba. Happyness alikuwa ameshaanza kulia.

"Ulinipa nikuwashie mashine asubuhi, mwalimu," alisema kwa kwikwi. "Filamu yangu ilikuwa inasuasua. Nikaona namba saba wanachora mvua tu, nikadhani hawatajua. Nilikuwa nakirudisha."

"Ulikuwa unakirudisha!" Stefania hakuweza kujizuia. "Na jina letu ulikuwa unalirudisha? Ulipoulizwa ulisema tunacheza gemu!"

Mwalimu Adela alimwacha amalize. Kisha akamwambia Happyness asimame mbele ya namba saba aseme alichofanya, wazi, bila kujitetea. Happyness alisema, akaomba radhi. Uongozi wa chumba ukaondolewa kwake siku hiyo hiyo.

Stefania alikuwa bado amesimama. "Samahani, mwalimu. Wiki iliyopita tuligombezwa mbele ya darasa."

Mwalimu Anyelwisye alielewa. Akainuka, akafunga kifungo cha koti. "Stefania, Ndalahwa, niliwaita wazembe bila kuwauliza wala kuchunguza. Tena mlango ulioingiza wizi huu niliuacha wazi mimi, kwa kumpa mtoto ufunguo wangu. Nisameheni."

Alibadilisha nenosiri mbele yao wote. Akatangaza kwamba anayehitaji nguvu zaidi ataomba kwa sauti, na anayetakiwa kupunguziwa atasikia kabla. Kisha, mvua ya namba saba ikiwa bado imekwama kwenye kioo kwa hesabu zilizorundikana, akaiongezea kichakataji cha tatu kutoka kompyuta ambayo haikuwa na mtu. Tone lililoning'inia likadondoka. Nyuma yake yakafuata maelfu.

Kwenye maonesho kazi yao ilipata nafasi ya pili, na mzee mmoja kutoka Namanyere aliitazama mara nne bila kuchoka. Filamu ya Happyness nayo ilionyeshwa, ikiwa na vichakataji vyake viwili, na haikuwa mbaya.

Waliporudi, Stefania alimfuata Mwalimu Adela uani.

"Mwalimu, Happyness ameniomba radhi na nimekubali. Lakini bado nina hasira. Siku ile nilitamani hata kuketi mezani pa mwalimu nilipize. Ni vibaya?"

"Siyo vibaya," mwalimu mkuu alisema. "Aliyedhulumiwa asipokasirika, dhuluma hujenga nyumba. Ungeketi kwenye meza ile ya mwalimu kulipiza, leo ningekuwa na wezi wawili na nisingejua nimwamini nani. Ulikasirika, ukaandika ukweli, ukausema mbele yetu sisi wakubwa tuliokosea. Cha wote hakichukuliwi kwa siri, Stefania, hata kama kitarudishwa. Na wewe usijifunze kunyamaza."