Anayepinga Asimame

Maiti ya Silvano, mpimaji ardhi wa ushirika, ilikutwa asubuhi imelala kifudifudi korongoni, chini ya kiwanda kipya cha kusindika matunda, nje kidogo ya mji wa Lushoto. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Masika ya mwaka 1973 yalikuwa yameosha damu yote.

Inspekta Januari alimpekua marehemu. Ndani ya soksi akakuta daftari lililochanwa ukurasa. Mistari miwili tu ilisalia: "Ufa mlimani, juu ya kiwanda. Futi mia na ishirini. Unapanuka."

Akainua macho kuutazama mlima. Uani pa kiwanda akina mama arobaini walikuwa wamekwisha kufika kungoja kazi, wengine na watoto mgongoni.

"Nani anaweza kuizuia kazi hii?"

"Kamati ya Uwekezaji ya ushirika tu, afande," alijibu koplo wake. "Inakutana sasa hivi."

Ofisini mwa ushirika walipokewa na karani Fatuma.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Silvano aliieleza kamati habari za ufa?"

"Alijaribu." Akashusha sauti. "Mwenyekiti wetu ana desturi yake. Anayempinga husimama mpaka akubali, wenzake wamekaa wanamtazama. Jumatatu Silvano alisimama tangu asubuhi mpaka adhuhuri, miguu ikavimba. Hakuna aliyemuunga mkono."

"Ndivyo ilivyokuwa siku zote?"

"Wapi! Kabla yake walikuwa wakibishana mpaka chai inapoa, na miradi ikastawi. Siku hizi ni 'ndiyo, Ndugu Mwenyekiti', na kila wanachoanzisha kinakufa."

Januari akaingia. Mwenyekiti Mbaraka alikuwa ameketi mbele, wajumbe watano wameinamisha vichwa kama watoto waliovunja chungu.

"Mitambo iwashwe saa nane," alikuwa akisema Mbaraka. "Anayepinga asimame."

Hakuna hata aliyekohoa. Hofu ile ilimwambukiza hata Januari, naye ana bastola kiunoni.

Akatupa mezani kamba ya kupimia iliyookotwa korongoni.

"Kamba hii ina ncha mbili. Silvano asingeweza kuupima ufa ule peke yake. Nani alishika ncha ya pili?"

Wajumbe wakazidi kuinama.

"Akina mama arobaini wako chini ya mlima ule, ndugu zangu!"

Kiti kikakwaruza sakafu. Saidi, mjumbe na msimamizi wa ujenzi, akasimama.

"Mimi, afande. Tuliupima jana. Akaandika taarifa, akataka niitie sahihi, leo nisimame naye hapa. Nikakataa. Akasema basi atanitaja. Nikamnyang'anya karatasi, nikamsukuma, akaangukia jiwe ukingoni mwa korongo, akabingirika chini." Akaitoa mfukoni, imelowa. "Nilishindwa kuichoma."

"Umeua mtu kwa kuogopa kusimama?"

"Wewe hujawahi kusimama humu, afande."

"Kaa chini, Saidi!" Mbaraka alifoka.

Magoti ya Saidi yalianza kukunjika kwa mazoea. Kisha akajikaza, akamnyooshea koplo mikono afungwe pingu.

Bi Zainabu, mjumbe wa miaka mingi, akainuka polepole.

"Mimi pia niliuona ufa. Tangu wiki jana."

"Hata mimi," akasema mwingine. Wakasimama wote. Mbaraka akabaki amekaa peke yake.

Januari alipandwa na hasira. "Basi kimbieni mkawatoe wale akina mama!"

Wakatoka mbio, wakimpita Fatuma aliyekuwa akilia mlangoni.

"Jumatatu!" aliwapigia kelele. "Mngesimama Jumatatu!"