Soksi ya Gerishom

Mwanamume mwenye akili zake haendi sokoni Malindi Jumamosi asubuhi, watu wamefurika, akasimama kujivutia soksi ndefu ya kike mbele ya uso. Gerishom alikwenda. Suruali nyeupe ya kubana, shati la maua wazi mpaka kifuani, mdomo nao wazi, akilitazama jua kupitia nailoni.

"Kaka, kama unataka kuvunja benki, iko kule mbele," alisema mwenye kibanda. "Hapa ni mitumba tu."

Gerishom akaiteremsha soksi. Mwenye kibanda alikuwa Kasiva, msichana wa Machakos aliyevaa gauni la kijani lenye mabega yaliyotuna. Kwenye shavu la kushoto alikuwa na kovu pana, la uji uliommwagikia utotoni, na macho yake yalizoea kucheka watu.

"Ni ya kazi," alijitetea. "Mimi napiga video za harusi. Video inaonyesha kila kitu, haina huruma. Lakini ukiivuta hii mbele ya lenzi, sura inalainika, inakuwa kama sinema za zamani za Kihindi. Mtu anang'aa kama kawashiwa taa ndani."

"Kumbe. Na ukiivaa kichwani, masikio nayo yanalainika?"

Masikio ya Gerishom yalikuwa makubwa na yamesimama, wala hakupenda yatajwe. Hata hivyo aliinunua ile soksi. Kesho yake akaja kununua nyingine, na kesho kutwa nyingine, hadi soko zima likajua kuwa hakuna lenzi duniani inayovaa soksi nyingi kiasi hicho.

Wakapendana. Kwa kuwa shughuli za wanawake katika nyumba za Kiislamu mwanamume haingii, alimfundisha Kasiva kushika kamera, na Kasiva akaijua upesi kuliko alivyotarajia mwalimu wake. Hapo mtu mwenye busara angetulia. Gerishom yeye alimpeleka mpenzi wake ufukweni, akampiga video akicheka na upepo, soksi ikiwa kwenye lenzi, kisha bila kumuuliza akauweka mkanda kwenye televisheni ya dirishani mwa studio yake, wapita njia washangae.

Kasiva alipita pale na rafiki yake Idah.

"Mrembo nani yule?" aliuliza Idah. "Amefanana nawe kidogo."

Gauni lilikuwa lake, kicheko chake. Shavu halikuwa lake. Kasiva akaingia ndani.

"Kovu langu umelipeleka wapi?"

"Mpenzi, si nimekupendezesha tu. Mabibi harusi wote nawafanyia hivyo."

"Wao huja kwako kudanganywa. Mimi nilikuja nikidhani unanipenda."

"Nakupenda, Kasiva."

"Unampenda yule wa dirishani. Basi muoe."

Akaivua soksi kwenye lenzi, akaitia mkobani na kwenda zake. Mwingine angemkimbilia. Gerishom alirudisha mkanda nyuma ahakikishe kama kweli kovu halionekani, na alipoona halionekani, mjinga yule alijisifu kwanza. Alipoutazama tena ndipo roho ilipomuuma. Msichana aliyemcheka sokoni hakuwamo kwenye mkanda ule.

Kibanda cha Kasiva hakikuwa na simu. Simu ilikuwa kwa Jaafar, muuza vitambaa wa jirani.

"Kasiva, simu yako. Ni yule bwana wa masoksi."

"Mwambie nimekufa."

"Asema amekufa," Jaafar alisema kwenye simu, akasikiliza. "Auliza mazishi ni lini, yuaja na kamera."

Kasiva aliuma mdomo asicheke, akaichukua simu. "Sema upesi."

"Bi Jaha wa mtaa wa Barani anamwoza bintiye Alhamisi. Shughuli ya wanawake, na hataki mwingine ila wewe. Njoo, kipenzi changu."

"Nitakuja kwa heshima ya Bi Jaha. Na soksi sivalishi."

Gerishom alikuwa amemwahidi Bi Jaha sura za sinema. "Haya," alisema mwishowe. "Usivalishe."

Alhamisi Gerishom alikaa nje kwa Bi Jaha, ukutani pamoja na madereva, suti ya samawati imemlowa jasho, akisikiliza vigelegele vya shughuli asiyoweza kuiona. Kasiva alitoka na kamera tupu. Mkanda wa wanawake walio vichwa wazi haupiti mkononi mwa mwanamume, hata awe mwenye studio, na Bi Jaha alikuwa ameshautazama na kuufungia kabatini.

"Shikamoo, Bi Jaha," alisema Gerishom mlangoni.

"Marahaba. Nimeona hina ya mwanangu mstari kwa mstari. Nimemuona na mamangu na mapengo yake, acheka. Harusi ya mwanangu mdogo nitamwita huyu binti. Weye na masoksi yako kaa nyumbani."

Wawili hao walitembea mpaka barabarani, kamera begani kwa Gerishom.

"Ule mkanda nimeufuta," alisema.

"Dirishani umeweka nini?"

"Sijaweka kitu. Njoo nikupige video tena, wazi, na kovu lako. Na nataka nikuoe, Kasiva. Nilikuwa mjinga."

"Umeacha lini?"

Kasiva alimtazama kuanzia viatu hadi masikio bila kumhurumia popote, kisha akafungua mkoba, akaitoa ile soksi na kumtundikia begani.

"Itunze. Siku utakayopeleka mbuzi wa mahari kwetu, uivae kichwani, uivute mpaka ifunike masikio. Mama asije akakuona sawasawa akakataa."