Milioni Nne na Laki Nane

"Wifi, hivi wewe unataka kuolewa au unataka kununua meli?"

Dada mkubwa wa Stoo alisimama mlangoni mwa kibanda cha ushonaji, mkoba begani. Hakuketi. Sindano aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Mtaa mzima uliwaita hivyo, Sindano na Stoo: yeye kwa wembamba na ukimya wake, mchumba wake kwa kuwa alitunza stoo ya kiwanda cha magodoro.

"Sijakuelewa, dada."

"Utanielewaje, na umeshamkaba mwenzako koo? Siku sita hapokei simu yako, hujajiuliza?"

Alijiuliza. Alipiga mara mbili, kisha akatuma ujumbe: "Uko salama?" Ulisomwa, haukujibiwa. Akaona aibu kupiga tena, akaendelea kushona.

"Leo saa kumi anasaini mkataba wa mgodini, pale ofisi ya ajira," dada aliendelea. "Miaka mitatu, milioni mbili kwa mwezi. Na bado hafikii hata nusu ya bei yako! Anaenda ili awe mbali tu."

"Bei yangu?"

"Usinifanye mtoto. Nimeiona kwa macho yangu kwenye simu yake."

Alipoondoka, Sindano alifungua simu akarudi kwenye ujumbe wa wiki iliyopita. Walikubaliana kila mmoja apige hesabu peke yake, wasije wakaoana kwa kubahatisha. Stoo ndiye aliyeandika:

"Mpenzi, umemaliza? Kwa maisha yale tuliyosema, tunahitaji kiasi gani?"

Naye alijibu kama kawaida yake, bila neno la ziada:

"4,800,000."

Aliirudia hesabu nyuma ya karatasi ya kukatia. Vyumba viwili, kimoja chenye dirisha la barabarani la kuweka cherehani. Chakula. Dawa za presha za mama. Jumapili bila kazi. Jumla ilikuwa ileile.

Ndipo akakumbuka kwamba Stoo hulipwa kila tarehe ishirini na nane. Yeye alishona sare za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa wateja walipanga foleni; zikishafunguliwa, cherehani ililala wiki nzima. Katika maisha yake hakuwahi kuhesabu pesa kwa mwezi.

"Mungu wangu," aliiambia cherehani.

Ilikuwa saa tisa na robo. Alitoka mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Kwenye ofisi ya ajira, Stoo alikuwa ameketi mbele ya karani, karatasi mezani.

"Umekuja kuniaga?" aliuliza bila kuinuka.

"Ni ya mwaka."

"Nini ya mwaka?"

"Ile namba."

Stoo alimtazama, kisha akaitazama dari.

"Milioni nne na laki nane… kwa mwaka?"

"Gawanya kwa kumi na mbili. Si wewe ndiye mtu wa stoo?"

"Laki nne. Mimi tu napata laki tatu."

"Na mimi, ukichanganya miezi mizuri na mibaya, kama laki mbili."

"Kwa hiyo tunayo tayari?"

"Tunayo tangu zamani."

Karani aligonga meza. "Kaka, kalamu hiyo hapo."

"Subiri kidogo, bosi." Stoo alimgeukia mchumba wake. "Mbona hukuandika 'kwa mwaka'? Maneno unayabana kama yanauzwa!"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

"Niliogopa ungesema ndiyo, ni kwa mwezi."

Sindano aliinamisha macho. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo, lakini karani naye aliisikia.

"Ukaamini mimi ni mtu wa milioni tano kwa mwezi. Mimi, ninayegeuza kola za mashati yako zikichakaa."

"Siku mbili sikuamini. Ya tatu dada akaiona."

"Basi dada utamwambia wewe. Leo. Mbele yangu."

"Nitamwambia."

"Na akinicheka?"

"Atanicheka mimi kwanza." Alisukuma karatasi pembeni. "Lakini laki nne tunatumia, tano tunapata. Hiyo moja ni ya nini?"

"Ya mshono. Nguo ikikatwa sawasawa na mwili, ukikaa tu inachanika."

"Unasaini au husaini?" karani aliuliza. "Kuna watu nyuma yako."

"Mwite anayefuata."

Nje, kwenye ngazi, Sindano alivua ile futi shingoni.

"Simama wima."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Nataka kushona koti la harusi kabla ya msimu wa sare. Baada ya hapo sina nafasi."

Alimzungushia futi kiunoni. Stoo akavuta tumbo ndani, kama wateja wote.

"Pumua," Sindano alisema. "Nataka namba ya kweli."