Kofia Nane na Ufunguo Mmoja

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na shule ile ilijitembeza kwa bango refu kuliko jengo lenyewe: KILA MTOTO ANA AKILI YAKE. Mwenye shule, bwana wa tai na manukato aliyefoka usipomwita Mkurugenzi, alisikia mahali kwamba akili za watoto ni za aina nane. Wazo zuri, wala silibezi. Lakini mpe mpumbavu wazo zuri uone atakavyolivalisha. Huyu alilivalisha kofia. Aina nane, rangi nane. Mtoto alipimwa dakika ishirini, akavishwa kofia yake, basi, ameshajulikana mpaka kufa.

Mwalimu wa darasa la pili aliyaamini hayo yote, maskini. Siku ufunguo wa kabati la kofia ulipomkatikia mkononi, alikimbilia sokoni, kwenye kichochoro cha mafundi, na gauni lake la njano na viatu vya kisigino vilivyokuwa vinamuua. Watu wanasukumana, redio tatu zinashindana. Akambwagia fundi wa funguo kipande chake mezani.

"Nitengenezee huu, kaka. Haraka."

Fundi akakigeuza. "Hiki ni kishikio tu, dada. Meno yako wapi?"

"Yamebaki kwenye kufuli."

"Kwa hiyo kufuli limekula, mimi unaniletea makombo."

Mama muuza vitambaa wa meza ya pili akaangua kicheko. Mwalimu alitaka kukasirika, akashindwa. Shati la fundi lilijaa vumbi la shaba, na macho yake yalikuwa yanacheka kabla ya mdomo.

Wakaenda shuleni, mwalimu na fundi. Fundi akang'oa kipande kwenye kufuli, akachonga ufunguo mpya kwa tupa pale pale, kisha akachungulia kabatini. "Hizi zote za nini?"

Akaelezwa, kofia moja moja.

"Enzi zangu kulikuwa na akili ya aina moja tu," alisema, "na mimi sikugawiwa. Mwalimu aliniita gogo mbele ya darasa, kila siku, mpaka nikaacha shule."

"Hakuna mtoto gogo," mwalimu akajibu. "Kuna mwalimu mvivu."

Fundi akabaki ameshika tupa hewani. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akapenda hapo hapo, na mimi nisiyewapenda wapenzi sikumlaumu.

Ikawa miezi mitatu ya simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Mbona hujibu ujumbe wangu? Naandika mistari kumi, wewe unajibu 'Sawa'!"

"Vidole vyangu vizito, mama. Wewe nipigie, hiyo mistari kumi nitakujibu kwa mdomo, na ishirini ya nyongeza."

Akaanza kuongea mpaka sikio la mwalimu likapata moto. Sokoni muuza vitambaa alishaanza kumwita wifi, na fundi hakukanusha.

Sasa sikia upuuzi. Mchana mmoja mwalimu alipita kumsalimia, akasahau faili mezani. Karatasi ya juu ilikuwa fomu ya shule, ile ile ya kupimia watoto. Penye jina pameandikwa: Fundi wangu. Mikono: juu sana. Muziki: wastani, anapiga mluzi. Lugha: chini, hajibu zaidi ya neno moja. Ushauri: asisumbuliwe na maneno, apewe kazi za mikono. Halafu sahihi.

Jamani! Mwanamke anapendwa, anakaa kitako kumjazia mpenzi wake fomu! Mimi ningeitafuna ile karatasi kwa aibu. Yeye aliona ndiyo mapenzi yenyewe. Hata mama yake mzazi alikuwa na fomu yake.

Simu ikalia.

"Mwalimu." Si kipenzi, si mama. "Faili lako liko kwa muuza vitambaa. Uliniambia hakuna gogo."

"Umesoma ile? Mpenzi, ile ni mazoezi tu..."

"Yule wa zamani aliniita kwa mdomo. Wewe umeniandika na sahihi ukaweka."

Akakata. Wiki mbili hakupokea simu. "Kiburi tu," mwalimu alijiambia. "Mwanamume mzima anasusa karatasi!" Akajifungia kwenye chumba cha walimu akalia mpaka macho yakavimba.

Ikaja siku ya mazoezi ya sherehe ya wazazi. Kofia nyekundu, wenye akili ya lugha, waghani shairi. Kofia za kijani, wenye akili ya mikono, wabebe viti. Ndivyo alivyopanga Mkurugenzi. Msichana mmoja wa kofia ya kijani, anayeongea kuanzia getini asubuhi mpaka getini jioni, akatua kiti chake.

"Mwalimu, shairi lile nalijua lote. Naruhusiwa kulisema, au mdomo ni wa kofia nyekundu?"

Mwalimu akakumbuka. Fomu ya mtoto yule aliijaza mwenyewe. Siku ya kupimwa mtoto aliogopa, akajibu neno moja moja. Lugha: chini. Apewe kazi za mikono. Maneno yale yale, mwandiko ule ule.

"Vua kofia, mwanangu," alisema. "Sema."

Mtoto akalisema lote bila kudondosha hata neno.

"Na nyinyi wengine vueni."

Mkurugenzi akaja mbio, tai begani. "Nani kawavua? Wazazi watawatambuaje?"

"Kwa sura, mkuu. Wamewazaa."

"Wazazi wanapenda rangi!"

"Basi wape kofia. Mimi niachie watoto."

Debe tupu haliachi kuvuma. Mwalimu alimwacha akivuma, akarundika kofia kabatini, akafunga, akachomoa ufunguo, akashika njia ya sokoni kwa viatu vile vile vya mateso.

Fundi alimwona, akainamia kazi yake. Mwalimu akatoa fomu mpya, akaisoma kwa sauti kichochoro kizima kisikie.

"Jina: mimi. Kusikiliza: sifuri. Kujua watu: sifuri. Aliongeleshwa miezi mitatu, akaandika kwamba aliyemwongelesha hana maneno."

Muuza vitambaa akazima redio.

"Nimekukosea," mwalimu akasema. "Nimekuita gogo kama yule wa kwanza, tena huku najiona mwerevu. Nisamehe." Akaweka ufunguo mezani. "Na huu sitaki ufungue tena."

Fundi akautazama ufunguo wake mwenyewe. Akaubana kwenye jiriwa, akachukua tupa, akayakwangua meno, moja baada ya lingine, mpaka chuma kikawa laini kabisa.

"Wakitaka kufungua?"

"Wataita fundi."

"Fundi si ndiye mimi?"

Wakacheka. Fundi alikuwa amekonda, mjinga yule, wiki mbili anapambana na simu inayolia.

"Nimekukumbuka mpaka nimejichukia," alisema. "Nije lini kwenu kuonana na wazee?"

"Jumapili. Ila mama atakuuliza umesoma mpaka wapi."

"Nitamwambia nimesoma fomu ya binti yake yote, mpaka kwenye sahihi, na bado namtaka."

Muuza vitambaa akapiga kigelegele, akaanza kupima kitambaa cha gauni ambacho hakuna aliyekiagiza.

Kesho yake Mkurugenzi alimtumia fundi ujumbe mrefu, mistari kumi na tano ya vitisho na kubembeleza: sherehe imekaribia, kabati halifunguki, aje upesi. Fundi akausoma wote, taratibu, akajibu kwa vidole vyake vizito: "Sawa."

Hakwenda.