Jiwe Alilolisogeza Dod Massie

Siku hiyo tuliamka salama. Shangazi yangu Elspet alikuwa jikoni akioka mikate ya shayiri, maana wakubwa wa Aberdeen walikuwa wakizunguka na farasi kukagua mawe ya mpaka wa mji, na shambani kwa shangazi lazima wangepita. Mumewe, Dod Massie, ndiyo kwanza alikuwa amepokewa kuwa mwenyeji wa mji. Mwenyeji mpya hubebwa na wanaume wanne, akabwagwa makalio juu ya jiwe mara tatu, ili mpaka wa mji umkae mwilini. Watu wanacheka, wanakunywa wiski, yanaisha.

Lakini jiwe la mpaka la shambani kwake Dod alikuwa amelisogeza majira ya baridi, apate shamba kubwa zaidi. Alilisogeza peke yake, na hakumwambia mtu lilikotoka.

“Dod, lirudishe,” shangazi alimnong’oneza. “Wasije wakakukalisha juu ya kitu ulichoiba. Litakuua.”

“Jiwe lina mdomo? Lete siagi, mama.”

Jamani, kiburi cha yule mtu!

Walifika adhuhuri. Farquhar, muuza nyama, na wenzake watatu wakamdaka Dod mikono na miguu.

“Lo! Huyu mzito kuliko nguruwe wangu wa Krismasi!”

Mara ya kwanza tukacheka. Ya pili akacheka mwenyewe. Ya tatu ikapita.

Hawakuacha.

“Inatosha, nyie!” Dod alifoka.

Wakamwinua juu zaidi. Wakambwaga. Nikasikia mfupa.

“Mikono yetu haiachii!” Farquhar alikuwa analia machozi. “Mungu wangu, haiachii!”

Shangazi akamrukia Farquhar, akamng’ata mkono hadi nyama ikatoka. Wapi! Juu ya jiwe kuna kishimo kilichochongwa mviringo. Damu ilikijaza, kisha nikaona inapungua. Haikumwagika popote.

Shangazi akapiga magoti sikioni kwa mumewe.

“Sema jiwe lilikuwa wapi. Sema tu, mpenzi wangu.”

Dod akaliangalia shamba lake. Shayiri ilikuwa imestawi kweli.

“Langu,” akasema.

Wakamwinua.

Mikono iliachia alipokuwa hana pumzi tena. Farquhar alitapika hapohapo. Mimi nilimfunika Dod kwa aproni yangu, na haikutosha.

Tulimzika ndani ya ua wa kanisa, tukamsimikia jiwe lenye jina lake. Jumapili iliyofuata tulilikuta nje ya ukuta wa ua. Nyasi zilikuwa zimeota na kulibana pande zote, utadhani liko pale tangu enzi za mababu.

“Na yeye yuko wapi?” shangazi aliuliza. “Nataka kujua mume wangu amelala wapi.”

Tukachimba chini ya lile jiwe, huko nje. Udongo ulikuwa mgumu, haujawahi kuguswa na jembe.

Jeneza lilikuwa hapo. Mizizi ilikuwa imeshapenya mbao.